Namna ya Kuizoeza Akili Kufikiri kwa Haraka

Anayejibu upesi si lazima awe na akili nyingi kuliko wenzake. Mara nyingi jambo lenyewe limekwisha kaa kichwani mwake, kwa hiyo analitambua pale ambapo wengine wanaanza kulitafuta. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon walilionyesha hilo kwa wachezaji wa sataranji: bingwa aliyetazama kwa sekunde chache tu ubao wa mchezo halisi aliweza kuzirudisha kete mahali pake vizuri kuliko anayejifunza, lakini kete zilipopangwa ovyo, ubingwa wake ulimsaidia kidogo sana.

Kwa hiyo chagua kwanza ni wapi unapohitaji wepesi, kisha ufanye zoezi la hapo hapo kila siku. Mwenye kutaka wepesi wa hesabu aanzie dukani. Ukinunua kilo 3 za sukari kwa shilingi 2,800 kila kilo, iache simu mfukoni: ifanye bei kuwa 3,000, upate 9,000, kisha uondoe 200 mara tatu. Jumla ni 8,400, na ukitoa noti ya 10,000 chenji yako ni 1,600, kiasi ambacho unapaswa kuwa umekijua kabla muuzaji hajakuhesabia. Siku za mwanzo utachelewa, na hilo lisikusumbue, kwa kuwa anayeharakisha kabla ya kupata usahihi huzoea kukosea.

Wachezaji wa bao wanalijua zoezi hili vizuri. Katika mashimo 32 yenye kete 64, mchezaji mzoefu huona kete ya mwisho itaishia wapi kabla hajagusa ya kwanza. Nawe jilazimishe kulitaja shimo hilo kimoyomoyo kila zamu yako inapofika. Hata hivyo, usitegemee kwamba bao litakupa wepesi wa kutoa hoja kikaoni. Kwa hilo, ukimaliza kusoma habari au taarifa, ifunike, useme kwa sauti mambo makuu matatu bila kuchungulia, ndipo urudi kukagua ulichoacha. Kujikumbusha kwa namna hii hukaza kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena.

Mazoezi haya yote hudhoofishwa na usingizi haba. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku, kwa hiyo simu ilale mbali na kitanda.