Kabla ya Kumpandisha German Shepherd Wako: Vipimo Kwanza, Dume Baadaye

Simu nyingi za kuulizia dume hupigwa jike akiwa ameshaanza kutoka damu. Mwenye jike ana haraka, mwenye dume anataka ada yake, na katika siku chache zilizobaki hakuna anayepata nafasi ya kuuliza habari za nyonga wala majibu ya damu. Ndiyo maana karibu kila jambo la kuzingatia katika uzalishaji wa mbwa linatakiwa liwe limeshafanyika miezi kadhaa kabla jike hajaingia joto. Jike huingia joto kila baada ya miezi sita au saba hivi, kwa hiyo aliyekosa nafasi ya mwezi huu hajapoteza kitu, atasubiri inayofuata. Hapa namzungumzia German Shepherd kwa kuwa ni mbwa wa ulinzi anayetafutwa sana Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, na magonjwa yake ya kurithi yanafahamika vizuri. Mwenye Rottweiler au Boerboel atakuta mengi yanamhusu naye.

Anza na hesabu ya watoto, kabla ya hesabu ya fedha. Jike mmoja wa German Shepherd anaweza kuzaa wanane kwa mpigo, na hata zaidi. Je, una watu wanane unaowajua, wenye uzio na nia, au utaishia kuwabeba kwenye kikapu hadi pembeni mwa barabara wakauzwe juani kwa yeyote atakayesimamisha gari? Wasipochukuliwa wakiwa na wiki nane, utaweza kuwalisha mpaka miezi minne? Kama majibu yanakusumbua, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi kwa upasuaji wa kutoa ovari na mfuko wa uzazi, jambo litakalomkinga pia na usaha wa kizazi, ugonjwa unaowapata sana majike wanaozeeka bila kufungwa. Ile kauli kwamba jike lazima azae angalau mara moja ili awe na afya haina msingi wowote wa kitabibu.

Ukiamua kuendelea, omba kuona karatasi, lakini ujue zinasema nini. Karatasi za ukoo kutoka chama cha usajili, kama East Africa Kennel Club ya Nairobi, zinakueleza baba ni nani, mama ni nani na mababu ni akina nani. Habari za nyonga hazimo humo. Nimeona watu wazima, wenye akili zao, wakimlipia dume ada nono kwa sababu tu karatasi yake ina mhuri na majina ya Kijerumani. Faida kubwa ya karatasi hizo kwa mzalishaji ni kumwonyesha undugu. Baba akimpanda binti yake, au kaka akimpanda dada, kiwango cha undugu kwa watoto kinafika asilimia 25. Wenye mzazi mmoja wa pamoja ni 12.5, binamu ni 6.25. Katika miji yetu dume mmoja maarufu anaweza kuwa amezaa nusu ya mbwa wa mtaa mzima, kwa hiyo usidhani dume wa upande wa pili wa jiji ni mgeni. Soma majina ya mababu kwa vizazi vinne au vitano.

Sasa nyonga, ambazo kwa mbwa huyu ndizo kiini cha mambo. Ulemavu wa nyonga hurithiwa kwa jeni nyingi kwa pamoja, na ukali wake huongezwa na malezi: mtoto akilishwa kupita kiasi, akinenepa mapema, au akipewa vidonge vya kalsiamu ambavyo hakuhitaji, hali huwa mbaya zaidi. Hauonekani kwa macho. Mbwa anaweza kukimbia na kuruka uzio akiwa na miaka miwili, kisha akiwa na sita akashindwa kuinuka asubuhi. Kipimo ni picha ya eksirei, na namna inavyopigwa ndiyo inayoamua kama ina maana. Mbwa hupewa dawa ya usingizi, akalazwa chali, miguu ya nyuma ikavutwa mpaka inyooke sambamba, na magoti yakazungushwa kwa ndani hadi vifuniko vyake vikae katikati ya mifupa ya mapaja. Mwili ukiwa umeegemea upande hata kidogo, nyonga moja itaonekana nzuri kuliko ilivyo na nyingine mbaya kuliko ilivyo. Picha iliyopigwa mbwa akiwa macho, ameshikwa na watu watatu, rudisha.

Kwenye picha nzuri tazama kichwa cha fupa la paja. Kinatakiwa kiwe mviringo, kimezama ndani ya kikombe cha nyonga, na uwazi kati yao uwe mwembamba na wa upana mmoja. Kwa mbwa mwenye tatizo, kikombe kimekuwa kifupi kama kisahani, kichwa kimechomoza nje, na shingo ya mfupa imeanza kuota vijipele vya mfupa. Lakini wewe na daktari wako msijitolee hukumu wenyewe. Kuna mifumo ya kupanga madaraja inayosomwa na wataalamu waliozoea picha hizo tu. Taasisi ya OFA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1966, hutoa cheti cha nyonga kwa mbwa aliyefikisha miezi 24. Kabla ya hapo hutoa majibu ya awali tu. Mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, unaotumika sehemu kubwa ya Ulaya huanza na A, yaani nyonga salama, hadi E, yaani mbaya kabisa. Picha za kidijitali hutumwa kwa mtandao, ila mbwa awe na chipu au alama ya kudumu ili ithibitike kwamba picha ni yake na si ya ndugu yake mwenye nyonga nzuri. Wakati huohuo piga picha ya viwiko pia, kwa sababu mbwa ameshalala na gharama ya usingizi umeshalipa.

Hapo ndipo kalenda inapokubana. OFA hushauri jike asipigwe picha akiwa karibu na joto, bali mwezi mmoja kabla au mwezi mmoja baada yake, kwa kuwa homoni za kipindi hicho zinaweza kulegeza maungio na picha ikamsingizia. Basi anayempeleka jike eksirei siku aliyoona damu amechelewa kwa kupiga picha na amewahi kwa kupandisha.

Usiridhike na nyonga za wazazi wawili pekee. Mbwa mwenye nyonga nzuri aliyezaliwa pamoja na ndugu wanne wenye nyonga mbaya ana hatari kubwa zaidi ya kuwapa watoto tatizo kuliko mbwa wa wastani ambaye ndugu zake wote wako sawa. Muulize mwenye dume habari za ndugu wa dume na za watoto wake wa kwanza. Akinuna, umepata jibu.

Ugonjwa wa pili ni ule wa uti wa mgongo unaokula neva taratibu. Huanza miguu ya nyuma, mbwa akiburuza kucha chini hadi zinalika, kisha anapooza. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka minane hivi, wakati mbwa ameshazalisha kadiri alivyozalisha, na ndiyo sababu kipimo cha vinasaba kina thamani kubwa. Mwaka 2009 watafiti walieleza kasoro ya jeni ya SOD1 inayohusika. Kipimo ni pamba ya kusugulia ndani ya shavu, inakaushwa na kutumwa maabara kwa posta au kampuni ya vifurushi. Mbwa hutoka katika kundi moja kati ya matatu: safi, asiye na kasoro; mbebaji, aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu; au aliye hatarini, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili. Kuwa hatarini si lazima augue, ila uwezekano upo. Mbebaji si mbwa wa kutupa. Mpandishe na aliye safi, na hakuna mtoto atakayekuwa hatarini. Kosa ni kukutanisha wabebaji wawili bila kujua, kwa maana kila mtoto hapo ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuangukia kundi baya. Kongosho linaloshindwa kumeng'enya chakula nalo linajulikana kwa uzao huu, lakini jeni zake hazijapata kipimo cha kutegemewa. Hapo kinga ni kutomzalisha aliyeugua.

Tabia nayo ni afya. Jike anayejikunyata mgeni akiingia, au anayeuma kwa woga, usimpandishe ukitumaini kwamba watoto watafanana na baba. Watu huchanganya woga na ukali, wakasema huyu ndiye mlinzi. Mlinzi mzuri hutulia, akatazama, akaamua.

Magonjwa ya kuambukiza ndiyo yanayosahaulika zaidi huku kwetu, nami nayaona ya hatari kuliko yote. Brusela ya mbwa huharibu mimba, mara nyingi kati ya siku ya 45 na ya 55, huwafanya madume wagumba, haina tiba ya uhakika, na binadamu anaweza kuambukizwa anapozalisha jike kwa mikono mitupu. Pimeni damu, jike na dume, kabla ya kila kupandisha. Majibu ya dume ya mwaka jana hayana kazi ikiwa tangu hapo amepanda majike kumi. Kisha kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana: nyama nyekundu yenye mabonde mabonde, inayovuja damu kwa urahisi. Seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, na mbwa koko wengi wanazo. Hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki chini ya daktari, lakini si siku ya harusi. Mkague dume kwa macho na kwa mkono wenye glavu, hata kama mwenyewe anaona aibu.

Kupe wana sura yao pekee. Jike anaweza kubeba erlikia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, miezi mingi bila dalili ya wazi, chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, zikiwa zimepungua, na jike wa namna hiyo akizaa anaweza kuvuja damu isikome. Dawa inayotumika sana ni doksisaiklini, ya siku 28, nayo huepukwa kwa mwenye mimba. Kwa hiyo pima damu mapema, tibu, subiri apone. Vivyo hivyo chanjo: zile zenye virusi hai hazitolewi wakati wa mimba, basi mkamilishie kabla, ili maziwa yake ya kwanza yawape watoto kinga. Kichaa cha mbwa kisiachwe nyuma kwa kisingizio chochote.

Mimba ni siku 63 hivi. Chakula cha ugali na mchuzi wa mifupa hakimtoshi. Anahitaji protini na mafuta zaidi, hasa wiki tatu za mwisho. Usimpe kalsiamu ya ziada akiwa na mimba, maana mwili huzoea kupewa ukasahau kuichota kwenye mifupa, na wakati wa kunyonyesha akaanza kutetemeka na kukakamaa. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Eksirei baada ya siku ya 55 itakuhesabia watoto, ujue kama aliyenyamaza amemaliza au amekwama.

Siku za mwisho pima joto la mwili asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, tegemea uchungu ndani ya saa 24. Namba ya daktari anayepokea simu saa nane usiku iwe imeshajaribiwa. Mpigie jike akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, saa mbili zikipita kati ya mtoto na mtoto huku ukijua bado wapo, au ute wa kijani ukitangulia kabla ya mtoto wa kwanza.

Kwa watoto, nunua mzani mdogo wa jikoni na uzi wa rangi mbalimbali. Kila mmoja afungwe uzi wake shingoni, uliolegea na wa kubadilishwa kila siku anavyokua, na uzito uandikwe daftarini saa ileile. Watanenepa kila siku. Kati ya siku ya saba na ya kumi uzito wa kuzaliwa unatakiwa uwe umekaribia mara mbili. Mwenye uzi wa bluu akibaki palepale leo na kesho, ana shida hata kama anaonekana mzima. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, kwa sababu minyoo huwapata tangu tumboni na kwenye maziwa. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wafike wiki 16. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo banda lililowahi kuugusa ugonjwa huo lisafishwe uchafu wote kwanza, kisha jiki, kipimo kimoja kwa maji thelathini. Wageni wa kuchagua watoto waache viatu getini.

Kuanzia wiki ya tatu waache wasikie bodaboda, redio, watoto wa jirani, mvua ya bati. Wasiondoke kabla ya wiki nane. Kila mnunuzi apewe kadi ya chanjo, nakala za vipimo vya wazazi wote wawili, na karatasi iliyosainiwa inayosema kwamba akishindwa kumlea, mbwa anarudi kwako, awe na umri wowote. Chukua namba zao na uwaombe wapige picha za nyonga mbwa wakifikisha mwaka. Wengi hawatapiga. Wawili watatu wakipiga, na mmoja akakupigia kusema nyonga ni mbovu, iandike kwenye daftari lilelile la uzito, na jike wako usimpandishe tena na dume yule.