Kupima ugwe mgongo wa shingoni kwa MRI: kutoka CD ya hospitali hadi namba unayoweza kuitetea

Programu tutakayotumia, Spinal Cord Toolbox (SCT), ni ya bure. Imetengenezwa Polytechnique Montréal, Kanada, na hufanya kazi kwenye Linux, Mac, na hata Windows. Amri zenyewe ni chache mno, na hapo ndipo hatari ilipo: utapata namba yenye desimali nne hata kama picha haifai kupimwa. Kwa hiyo nitakawia zaidi kwenye kukagua kuliko kwenye kuendesha.

Tunachotafuta ni eneo la mkato wa ugwe mgongo, ule mkanda wa neva unaopita ndani ya mfereji wa pingili, kwenye usawa wa pingili C2 na C3, yaani ya pili na ya tatu za shingo. Kwa mtu mzima mwenye afya eneo hilo mara nyingi huangukia kati ya milimita za mraba 60 na 90. Nyuzi za neva zikifa, ugwe hunyauka. Tunapendelea C2 na C3 kwa sababu hapo ugwe una umbo tulivu, na ule unene wa asili unaohudumia mikono uko chini zaidi. Kama utafiti wako ni wa ugwe uliobanwa na diski (mto laini ulio kati ya pingili na pingili) kwenye C5 na C6, pima na pale panapobana, maana juu huko unaweza kukuta kila kitu kiko sawa.

Hatua ya 1: Vibali na majina

Faili za DICOM, ndizo picha za skana kama zinavyotoka hospitali, hubeba jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali ndani yake, hata ukibadilisha jina la folda. Pata kibali cha maadili kwanza (Tanzania utapita NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba; Kenya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi), na kumbuka Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Picha za wagonjwa hazitumwi WhatsApp, hata kwa msimamizi wako.

Hatua ya 2: Geuza DICOM kuwa NIfTI, muundo wa faili ambao SCT husoma

`dcm2niix -z y -f %p -o nifti dicom`

Alama ya %p huipa faili jina la itifaki ya skana. Usiweke %n, utakuwa umeandika jina la mgonjwa juu ya faili. Chagua picha ya T2 (aina ya picha ya MRI ambayo maji huonekana meupe) iliyo kamili, uiite t2.nii.gz.

Hatua ya 3: Angalia ukubwa wa vokseli

`sct_image -i t2.nii.gz -header`

Tafuta mstari wa pixdim: unataja ukubwa wa vokseli, yaani kila kijisanduku kinachounda picha, kwa milimita. Hapa ndipo miradi mingi iliyojengwa juu ya picha za kliniki inapokwama, na ni bora ikwame mapema. Picha ya kawaida ya shingo hupigwa kwa vipande vya ubavuni (kila kimoja huonyesha shingo kwa upande) vyenye unene wa milimita 3 au 4. Daktari anayesoma diski iliyotoka hana shida nayo. Lakini ugwe wa shingoni una upana wa milimita 12 hadi 14 hivi kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikatwa kwa vipande vya milimita 4, unapitiwa na vipande vitatu, vinne kwa bahati, na vile vya pembeni vimechanganya ugwe na maji yanayouzunguka. Programu itachora mpaka, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya mpaka huo ni makisio.

Ukiwa na nafasi ya kuzungumza na fundi wa skana kabla wagonjwa hawajaanza kuja, omba T2 ya pande tatu yenye vokseli za milimita 0.8 au 1 kila upande. Itifaki ya spine-generic, iliyochapishwa 2021, ina mipangilio ya mashine za 3T (nguvu ya sumaku ya tesla 3) za Siemens, GE na Philips. Kama unachopata ni vipande vinene tu, badilisha swali la utafiti: hesabu vidonda, au pima upana wa ugwe kutoka mbele kwenda nyuma kwenye kipande cha katikati. Hicho kinapimika kwa haki.

Hatua ya 4: Chora ugwe

`sct_deepseg_sc -i t2.nii.gz -c t2 -qc qc`

Amri hizi ni za toleo la 6. Kwenye toleo jipya baadhi zimebadilika, kwa hiyo andika jina la amri na -h uone chaguo zake. Utapata t2_seg.nii.gz, maski yenye 1 palipo na ugwe na 0 kwingineko.

Hatua ya 5: Kagua kwa macho, kipande kwa kipande

Fungua ripoti iliyo kwenye folda ya qc kwa kivinjari. Mshale wa kulia kwenye kibodi huwasha na kuzima maski. Iwashe na kuizima huku macho yakiwa kwenye ukingo, si katikati. Kwenye T2 maji ni meupe na ugwe ni kijivu. Tafuta mahali maski inapomwagikia kwenye weupe, au inapoacha ukingo wa kijivu nje. Palipo na diski iliyotoka, maji hupotea, ugwe hugusana na diski, na programu hukosa alama ya kufuata.

Usiseme ni kitu kidogo. Chukua ugwe wa milimita za mraba 75, uuchukulie kama duara. Maski ikizidi robo milimita tu pande zote, eneo linakuwa kama 83, ongezeko la zaidi ya asilimia 10. Sasa linganisha: kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi (multiple sclerosis, ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na ugwe), uchambuzi wa pamoja wa tafiti uliotoka 2018 ulikadiria kwamba ugwe wa shingoni hupungua asilimia 1.78 kwa mwaka.

Kurekebisha, tumia fsleyes, programu ya kutazama na kuhariri picha:

`fsleyes t2.nii.gz t2_seg.nii.gz -cm red -a 50`

Ingia kwenye hali ya kuhariri, futa au ongeza vokseli, kisha hifadhi kwa jina jipya, t2_seg_manual.nii.gz. Ile ya awali ibaki. Anayerekebisha asijue nani ni mgonjwa na nani hana ugonjwa. Mkono una upendeleo wake.

Hatua ya 6: Taja pingili

`sct_label_utils -i t2.nii.gz -create-viewer 3 -o c2c3.nii.gz`

`sct_label_vertebrae -i t2.nii.gz -s t2_seg_manual.nii.gz -c t2 -initlabel c2c3.nii.gz -qc qc`

Namba 3 ni diski ya C2 na C3. Kwenye kipande cha katikati, tafuta jino la C2 linalopanda juu nyuma ya C1, kisha shuka hadi diski ya kwanza ya kweli. Angalia hapa: ndani ya C2 yenyewe, kwenye shina la jino, watu wengi wazima wana mstari mwembamba uliobaki tangu utotoni, unaofanana na diski iliyosinyaa. Haufiki nyuma kwenye mfereji kama diski inavyofika. Ukibofya hapo, pingili zote zinazofuata zitahama kwa moja.

Hatua ya 7: Toa namba

`sct_process_segmentation -i t2_seg_manual.nii.gz -vert 2:3 -vertfile t2_seg_manual_labeled.nii.gz -o csa.csv`

Soma safu ya MEAN(area). Mwinamo wa shingo umeshasahihishwa. Usichanganye vipimo vya T1 (aina nyingine ya picha ya MRI) na T2 kwenye jedwali moja, kwa sababu mpaka wa ugwe hauonekani sawasawa kwenye hizo mbili. Kando ya kila namba andika aina ya skana, jinsia, umri, toleo la SCT, na kama maski ilirekebishwa kwa mkono. Mkaguzi wa jarida atauliza hilo la mwisho kabla ya mengine yote.