Somo: Kupasha stenlesi moto bila kuikaribishia nyufa

Baadhi ya mafundi wa kuchomelea hapa Dar es Salaam, wakimaliza tangi la stenlesi, huupasha mshono kwa gesi mpaka uive mwekundu kama kaa, kwa nia njema ya kuondoa mkazo uliobaki ndani ya bamba. Wekundu huo ndio hatari yenyewe. Kati ya nyuzi 425 na 870 za Selsiasi, kaboni huungana na kromiamu kwenye mipaka ya chembe za chuma na kufanya kabaidi, hivyo ukanda mwembamba ulio kando ya mpaka hupungukiwa na kromiamu inayozuia kutu. Ukija unyevu wenye chumvi, na chuma kikiwa bado kinavutwa na mkazo, ufa hupita kwenye ukanda huo.

Hatua ya kwanza ni kusoma cheti cha bamba kabla ya kulinunua. Daraja la 304L halizidi kaboni ya asilimia 0.03, kwa hiyo kabaidi hukosa muda wa kujengeka wakati wa kuchomelea.

Pili, chomelea kwa joto dogo, na usirudie mshono kabla haujapoa chini ya nyuzi 150.

Tatu, ikiwa kipande cha 304, daraja la kawaida lenye kaboni zaidi kuliko 304L, kimekwisha kuharibiwa na joto, kipelekwe kwenye tanuri la nyuzi 1040 hadi 1120 ili kabaidi ziyeyuke, kisha kitumbukizwe majini mara moja, kwani kikiachwa kipoe taratibu kitapita tena katika eneo lile lile la hatari na kazi yote itakuwa bure. Tangi kubwa la bamba jembamba msilijaribu hivyo, litajikunja.

Swali: Tangi langu la maji ya moto ni la 304L, nalo limepasuka. Kwa nini?

Jibu: Kaboni ndogo huzuia ulikaji wa mipakani, lakini haizuii nyufa za kloraidi (sehemu ya chumvi iliyo majini), ambazo kwa kawaida hukata katikati ya chembe, hasa maji yakizidi nyuzi 60. Kwa maji ya kisima yenye chumvi, ningechagua dupleksi ya 2205, stenlesi yenye aina mbili za chembe zilizochanganyika.

Swali: Je, sumaku inaweza kuonyesha bamba lililoharibika?

Jibu: Hapana. Hata 304 nzima hushika sumaku kidogo ikikunjwa baridi. Tumieni kipimo cha kwanza cha ASTM A262, kiwango cha kimataifa cha kupima ulikaji wa mipakani: sampuli iliyong'arishwa huliwa kwa asidi ya oksaliki na umeme, kisha hutazamwa kwa hadubini. Chembe zikionekana zimezungukwa na mitaro, sampuli haikataliwi hapo hapo, bali hupelekwa kwenye kipimo kingine cha kiwango hicho hicho.