Somo: Kufufua boti kuukuu ya faiba, tuanze na ubao wa tezi, ubao wa nyuma unaobeba mashine

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza nilifanyaje na ile boti ya futi 19 niliyoinunua Tanga, pale Deep Sea, ikiwa ganda tupu chini ya mkungu. Sikuwa fundi wa faiba. Nilikuwa na grainda, muda wa jioni, na mzee mmoja wa pale pwani aliyekubali nimuulize maswali kila siku. Namwandikia anayeanza kama nilivyoanza mimi.

Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, shika hili: faiba haiozi, zinazooza ni mbao zilizofichwa ndani yake. Na haziozeshwi sana na bahari, kwa sababu chumvi huwasumbua fangasi wanaokula mbao. Maji ya mvua ndiyo yanayowalisha. Boti iliyokaa masika mbili nchi kavu bila turubai, tundu la kutolea maji limeziba, huenda imeumia kuliko ile inayoshuka majini kila alfajiri.

Hatua ya 1: Ichunguze kabla ya kuipenda

Chukua nyundo ndogo au sarafu, gonga boti nzima kidogo kidogo. Panapolia sauti kavu, kali, pazima. Panapojibu kwa sauti nzito iliyokufa, weka alama ya chaki. Kisha toboa tundu dogo kwa drili upande wa ndani wa ubao wa tezi, ule unaobeba mashine. Kwangu ulitoka unga mweusi, umeloa, unashikana vidoleni kama tumbaku iliyonyeshewa. Nilipochomoa drili maji yakafuata, yakachuruzika ukutani mpaka sakafuni, na boti ilikuwa haijagusa bahari miezi mingi. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni heri. Ukiwa mweusi, ubao unatoka wote. Usiache nusu kwa kuuhurumia mfuko, utaifungua tena.

Fungua na kipande cha sakafu. Boti nyingi zina povu gumu la kuielesha, na likishakunywa maji halikauki. Lita 80 za maji ni kilo 80 unazozibeba kila safari na kuzilipia petroli.

Hatua ya 2: Mahali na msimu

Ilaze boti sawasawa, mkuku ukae juu ya mbao na mbavu zishikiliwe pande zote, la sivyo ganda litajipinda na utalijengea upinde huohuo. Funga turubai juu, acha upepo upite. Kazi hii ifanye kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu. Asubuhi subiri umande uondoke.

Hatua ya 3: Toa ubao uliooza

Usiguse ngozi ya nje, yaani tabaka la faiba la nje ya ubao, ndiyo kalibu yako. Fanyia kazi ndani: kata ngozi ya ndani kwa grainda, sentimita chache kutoka kwenye kona, ibandue, halafu chimba ubao kwa patasi. Mimi nilichimba siku tatu. Sehemu nyingine zilitoka kwa mkono, nyingine ziling'ang'ania kama zimegandishwa jana.

Hapo vaa barakoa ya vumbi iliyo nzuri, miwani, na shati la mikono mirefu. Vumbi la faiba huwasha usiku kucha, na mapafuni halina msamaha. Ukimaliza, oga kwa maji baridi kwanza.

Acha pakauke. Kujua kama pamekauka, bandika kipande cha nailoni angavu kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache usiku. Asubuhi ukikuta matone chini yake, subiri tena.

Hatua ya 4: Rezini (gundi ya maji ya faiba) na hadina (dawa ya kuigandisha)

Hapa ndipo wanaoanza huharibu, nami niliharibu. Nilimimina hadina kwa kukisia. Kopo likachemka mkononi, likatoa moshi, kilo mbili za rezini zikawa jiwe. Tangu siku hiyo napima kwa bomba la sindano: kwa kilo moja ya rezini ya poliesta, mililita 10 hadi 15 za hadina. Joto la mchana wa pwani nabaki kwenye 10. Kupunguza zaidi ili upate muda ni kosa, rezini haitakomaa kamwe. Ukitaka muda, changanya kidogo kidogo.

Kama duka limekuuzia na kiharakishi cha kobalti katika chupa yake, kikoroge kwanza ndani ya rezini mpaka kiishe kabisa, ndipo uweke hadina. Viwili hivyo visikutane vyenyewe: hulipuka. Na hadina ikikurukia jichoni, suuza kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali.

Hatua ya 5: Ubao mpya

Nilitumia plaiwudi ya majini, vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa pamoja, kwa kuwa ubao wa zamani ulikuwa na unene huo. Pima wako, na pima urefu: mashine ya shafti fupi hutaka ubao wa takriban sentimita 38, ndefu sentimita 51.

Lowesha plaiwudi yote kwa rezini, hasa kingo zake, maana maji huingilia kwenye kingo. Sugua ngozi ya nje kwa msasa namba 40, weka tabaka mbili za mati (kitambaa cha nyuzi za kioo) zilizoloa rezini, kandamiza ubao, kaza kwa jiliwa, huku umeegemeza ubao mnyoofu kwa nje ngozi isibonyee. Kona zote zijaze rezini iliyokazwa kwa unga wa kuifanya nzito, uziviringishe. Mati haipendi kona kali, hujitenga na kuacha hewa. Kisha mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka tano, kila moja pana kuliko iliyotangulia, zipande hadi kwenye mbavu za boti. Kila tabaka, mita moja ya mraba hunywa kilo moja ya rezini, au zaidi kidogo. Pitisha rola mpaka weupe wote uondoke.

Matundu ya bolti toboa makubwa, jaza epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji), ikikauka toboa tena kwa kipimo. Bolti ikivuja, maji yatakutana na epoksi badala ya mbao.

Rangi ni kazi ya mwisho na ndiyo rahisi kuliko zote.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Bagamoyo: Shikamoo fundi. Siwezi kupiga faiba mpya juu ya ubao uliooza, ikashika tu?
Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Itashika wiki kadhaa. Mashine huusukuma ubao ule kila unapokoleza mafuta, na ngozi mbili zenye uji katikati hazina nguvu. Mashine inaweza kung'oka na ubao huo ikaanguka baharini.

Swali, kutoka Kilifi: Chini ya boti kuna malengelenge. Nililipasua moja, likatoa maji yanayonuka kama siki.
Jibu: Maji yamepenya kwenye jelikoti, lile tabaka laini la juu la faiba. Pasua yote, osha kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, acha pakauke wiki kadhaa, jaza epoksi. Usizibe haraka.

Swali, kutoka Mwanza: Kaka, nimepiga tabaka la mwisho siku tatu zilizopita, bado linanata.
Jibu: Bonyeza kwa kucha. Kama chini ni kugumu na juu tu ndipo panaponata, ni kawaida ya rezini isiyo na nta; futa kwa asetoni, piga msasa. Kama kucha inazama, hadina haikutosha. Kwangua yote, kaka, hakuna njia nyingine. Na kwa kuwa ziwani kwenu maji ni baridi, hayana chumvi ya kuwazuia fangasi, ubao wako ukague kila mwaka.

Swali, kutoka Unguja: Nikimaliza naweza kupakia wageni?
Jibu: Ikaguliwe kwanza na mamlaka ya usafiri wa majini: kwenu Zanzibar ni ZMA, huku Bara ni TASAC, Kenya ni KMA. Kabla ya hapo iteremshe maji mafupi, mashine ikiwa imefungwa, ikae saa mbili. Ingia na tochi, pitisha kidole kwenye kila bolti.