Kusoma ramani ya kale ya mabaharia wa Ulaya: mwongozo wa fundi wa fremu

Kazi yangu ni kutia picha kwenye fremu, hapa Mombasa. Wateja huniletea picha za harusi, vyeti vya shule, aya za Kurani, na mara moja moja karatasi ya kale yenye pwani, meli na samaki wa ajabu. Miaka ya mwanzo mzee mmoja aliniletea ramani ya namna hiyo. Ilizidi fremu niliyokuwa nayo kwa kidole kimoja, nikachukua wembe nikapunguza ukingo pande zote. Alipokuja kuichukua aliiangalia kimya, halafu akaniambia, "Fundi, umemkata huyu cheti cha kuzaliwa." Sikuelewa. Akavuta kiti, akanifundisha hatua ya kwanza hapa chini. Hizo nyingine nimezipata mwenyewe, kwa miaka, kila karatasi ikinipa kidogo.

Unahitaji kioo cha kukuzia, rula na taa ya mezani. Kama huna karatasi mkononi, skani inatosha. Maktaba ya Bunge la Marekani na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa zimeweka ramani nyingi kwenye intaneti bila malipo. Pakua faili kubwa kuliko yote, na hakikisha kingo za karatasi zinaonekana.

Hatua ya 1: Anza na karatasi, picha baadaye

Weka taa ubavuni ili mwanga uje kwa mshazari. Angalia kuzunguka picha kama kuna mstatili uliobonyea. Ukiuona, ramani ilichapwa kwa bamba la shaba: mchongaji alichimba mistari kwenye bamba, akapaka wino, akaupangusa ubaki ndani ya mistari tu, kisha bamba likagandamizwa kwa nguvu juu ya karatasi yenye unyevu. Mbonyeo ule ndio cheti cha kuzaliwa nilichokikata. Ramani iliyochapwa kwa ubao wa kuchongwa haiachi mstatili huo. Mistari yake ni minene zaidi, maana fundi wa ubao hufanya kinyume: hukwangua mbao yote na kuacha mstari umesimama.

Sasa geuza. Kurasa za Abraham Ortelius (Antwerp, 1570) na za Georg Braun na Frans Hogenberg (Cologne, kuanzia 1572) zilikuwa kurasa za vitabu, ndiyo maana zina mkunjo katikati na maandishi nyuma. Vitabu hivyo vilitoka kwa Kilatini na kwa lugha nyingine za Ulaya, kwa hiyo lugha ya mgongoni inakusaidia kujua toleo.

Mwisho, kioo cha kukuzia. Ukiona rangi zimeundwa na vidoti vidogo vilivyopangwa, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa. Si dhambi, na nimetia fremu nyingi za aina hiyo. Ila usimlipe muuzaji bei ya kale.

Hatua ya 2: Nani aliona, nani alilipa

Kwa kila ramani, andika majina mawili kwenye karatasi ya pembeni. Wengi wa waliochora pwani yetu hawakuwahi kuikanyaga. Martin Waldseemüller alikuwa msomi wa Saint-Dié, mji wa bara kabisa. Ortelius alikaa Antwerp akikusanya kazi za wengine. Albrecht Dürer alichora kifaru mwaka 1515 kutokana na barua na mchoro wa haraka wa mnyama aliyeshushwa Lisbon mwezi Mei mwaka huo, akampachika pembe ndogo ya ziada mgongoni. Picha ilinakiliwa na watu wengi, na kwa vizazi kadhaa Ulaya ilimjua kifaru wa pembe hiyo.

Upande wa pili ni aliyetoa pesa. Mfano ninaoupenda ni ramani ya Cantino ya mwaka 1502, iliyochorwa kwa mkono juu ya ngozi, urefu wake zaidi ya mita mbili. Alberto Cantino, wakala wa mtawala wa Ferrara, aliipata Lisbon kwa siri na kuitorosha hadi Italia. Malipo yalikuwa dukati 12 za dhahabu. Mtawala wa Ferrara alitaka kujua Wareno wamefika wapi, na ramani inajibu swali hilo hasa: bendera za Ureno zimesimama moja baada ya nyingine kando ya Afrika. (Neno "bendera" lenyewe tulilipata kwa Wareno, na hapa unaona walivyokuja nalo.) Kuna pia mstari mrefu unaokata Bahari ya Atlantiki, mpaka wa Mkataba wa Tordesillas wa 1494, ambao Ureno na Hispania waligawana dunia bila kumuuliza mwenye nyumba. Leo ramani hiyo iko Modena. Mwaka 1859, wakati wa ghasia, ilitoweka kwenye jumba la watawala, ikaja kuonekana kwenye bucha. Kila nikiifikiria, ule wembe wangu naona haukuwa balaa kubwa kiasi hicho.

Hatua ya 3: Fuata pwani kwa kidole

Usitazame katikati ya bara bado. Anza Rasi ya Tumaini Jema, panda taratibu. Majina yameandikwa upande wa nchi kavu, yakisimama wima dhidi ya ufuo, ili bahari ibaki wazi kwa ajili ya kazi ya nahodha. Itakubidi kugeuza karatasi, au kichwa. Kwenye ramani nyingi za mkono bandari kubwa zina wino mwekundu, nyingine mweusi.

Soma kwa sauti, na masikio yatakusaidia kuliko macho. *Cefala* ni Sofala. *Quiloa* ni Kilwa. *Monfia* ni Mafia. *Mombaza* haihitaji mkalimani, wala *Melinde*. Mara nyingi mwandishi alipokea jina lililokwisha kupita midomo kadhaa, ndipo likafika kwenye kalamu yake.

Kisha chukua rula. Kama ramani ina mstari wa ikweta, pima umbali kutoka mstarini hadi Malindi, halafu hadi Kilwa. Malindi iko kusini ya ikweta kwa digrii 3 na kitu, Kilwa karibu 9. Kwa hiyo umbali wa pili unatakiwa ukaribie mara tatu ya wa kwanza. Ukitoka hivyo, nyuma ya ramani kuna baharia aliyepima jua au nyota. Ukitoka ovyo, nyuma yake kuna mtu wa mezani. Kipimo hiki kinafaa kwa kaskazini na kusini tu. Upana wa mashariki na magharibi usiwalaumu nao sana, kwa sababu kupima longitudo baharini kuliwashinda wote mpaka saa za John Harrison, fundi saa Mwingereza, zilipopatikana katika karne ya 18.

Hatua ya 4: Mistari, nukta na misalaba

Mistari inayotawanyika kutoka kwenye dira ni mielekeo ya upepo, kila mmoja njia ya kushika usukani. Nukta zilizotawanywa karibu na ufuo ni mafungu ya mchanga, misalaba midogo ni miamba. Usizipuuze kwa kuwa hazipendezi. Kila kimsalaba kilikuwa na thamani ya chombo. Kikosi cha Vasco da Gama kilipokuwa kikirudi kutoka India, Januari 1499, meli ya São Rafael ilichomwa moto na Wareno wenyewe kwenye pwani ambayo leo ni ya Tanga, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu. Mafungu ya mahali hapo walikuwa wameshayaita kwa jina la meli hiyo, tangu ilipokwama juu yake wakati wa kwenda, Aprili 1498.

Ramani nyingi hazikuonyeshi walichokosea Wareno: majira ya upepo. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, upepo wa kusi ukianza, akafika Calicut, bandari ya India, tarehe 20 Mei. Siku 26. Wakati wa kurudi aliondoka mapema Oktoba, kaskazi haijashika, na safari ile ile ikamla miezi mitatu na watu wengi kwa kiseyeye. Nahodha yeyote wa jahazi wa hapa angemwambia asubiri.

Hatua ya 5: Baharini kuna nini?

Hapa ndipo watu hufurahi, na hapa ndipo wanadanganywa.

Madude ya baharini kwanza. Olaus Magnus alijaza madude kwenye ramani yake ya bahari ya Skandinavia mwaka 1539. Sebastian Münster akayachukua kwa ajili ya kitabu chake cha 1544, na wengine wakachukua kwake. Kwa hiyo ukiona dude lenye mapua mawili yanayorusha maji kama mabomba, usiulize wavuvi wa Lamu kama wamewahi kuliona. Linganisha na kazi za Kaskazini uone lilikotoka.

Meli zina habari zaidi. Tazama tanga: mraba lenye msalaba mkubwa ni meli ya Ureno, pembetatu linaweza kuwa karaveli, meli ndogo ya Wareno, au chombo cha bahari yetu. Hesabu kila aina. Nina nakala zenye meli za Ulaya zikiranda Bahari ya Hindi nzima bila hata dau moja, ilhali Wareno wenyewe walipofika Malindi walikuta vyombo vya wafanyabiashara wa Kihindi vimetia nanga.

Halafu kuna mfalme juu ya samaki. Fungua ramani ya bahari ya Waldseemüller ya 1516, tafuta ncha ya kusini ya Afrika. Yule anayempanda mnyama wa baharini, amemtia hatamu, mkononi ana bendera, ni Manuel I wa Ureno. Wengi hupiga picha wakacheka. Lakini Manuel alikuwa amejipa cheo cha bwana wa utekaji, usafiri wa baharini na biashara ya Uhabeshi, Uarabuni, Uajemi na India, na huyo samaki ni cheo hicho kimechorwa. Linganisha tarehe: mwaka 1505 watu wake waliteka nyara Kilwa na Mombasa. Na ushuru wa dhahabu wa Kilwa ulifuliwa Lisbon kuwa chombo cha ibada kinachoitwa Custódia de Belém, kikakamilika 1506. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la sanaa la mji huo.

Hatua ya 6: Miji

Tafuta ukurasa wa Braun na Hogenberg wa 1572: Aden juu, kubwa, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala zikibanana. Kuza picha ya Kilwa. Jiulize nini kinaweza kuwa kimeonwa na nini ni desturi ya mchongaji wa Cologne. Misikiti ya kale ya pwani yetu mingi haikuwa na minara, kwa hiyo kila mnara mrefu utie shaka. Kuba ni jambo jingine, kwani msikiti mkuu wa Kilwa ulikuwa nazo kweli. Kumbuka pia kwamba Wareno walikuwa wameiacha ngome yao ya Kilwa tangu 1512. Mnunuzi wa kitabu alioneshwa mji wa miaka ya mwanzo ya karne, kana kwamba meli imetoka huko jana.

Bara la ndani halichukui muda. Münster aliweka jitu la jicho moja na tembo. Waliofuata walirudia maziwa na milima ya Ptolemeo, mwanajiografia wa kale. D'Anville, mchoraji ramani Mfaransa, mwaka 1749 alithubutu kuacha nafasi tupu, na nafasi hiyo naiheshimu kuliko tembo wote.

Hatua ya 7: Picha za rangi za "kuwasili"

Kanuni moja tu: toa mwaka wa tukio kwenye mwaka wa picha. Mchoro maarufu wa Mreno Veloso Salgado, da Gama akiwa mbele ya mtawala wa Calicut, ni wa 1898. Miaka 400, tena ya sherehe. Ndani yake mgeni amesimama kwa fahari. Shajara ya safari yenyewe inasema zawadi alizoandaa zilikuwa vitambaa, kofia, mabeseni sita ya kunawia, sukari, mafuta na asali, na maafisa wa mtawala walipoziona walicheka.

Hatua ya 8: Geukia ukuta

Ukifika Fort Jesus, omba uoneshwe michoro ya ukutani ya Wareno waliokaa ngomeni, ya makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, makanisa. Hakuna mfalme aliyeilipia. Halafu nenda Gede, au Kilwa na Songo Mnara ukipata nauli, utafute michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye lipu na watu wa hapa. Chukua tochi, imulike kwa mshazari kama ile taa ya hatua ya kwanza, na tanga litajitokeza.

Ukitaka kuitia fremu

Usikate ukingo. Mwambie fundi aweke kadibodi isiyo na asidi na aache nafasi kati ya karatasi na kioo, maana unyevu wa pwani hugandisha wino kwenye kioo. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni. Na kama nyuma kuna maandishi, omba kioo pande zote mbili. Bei itapanda, lakini ukiitoa ukutani utaweza kuigeuza na kusoma.