Umeapa uraia Marekani? Ifungue ile bahasha

Mama mmoja wa Bukavu, tunayesali naye, alinifungulia droo ya jikoni kwake. Ilijaa bahasha za serikali, nyingi hazijaguswa. "Mwanangu, bili zangu zote nimelipa, hawa wananitakia nini tena?" Ya tatu kutoka juu ilitoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Walimpa siku 30 athibitishe kuwa ni raia, la sivyo jina lake litafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Zilikuwa zimebaki siku nne, na yeye alikuwa raia mwaka mzima tayari.

Chanzo kilikuwa leseni ya udereva. Aliikata akiwa na grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, akaapa uraia baadaye, na kompyuta ya ofisi ya leseni ikaendelea kumjua kama mgeni. Hili lilishatokea kwa ukubwa wa kutisha. Januari 2019 jimbo la Texas lilitangaza orodha ya wapiga kura takriban 95,000 ambao eti huenda si raia, na ilitengenezwa kwa kulinganisha daftari na kumbukumbu za leseni za namna hiyohiyo. Ndani ya siku chache ikabidi maelfu ya majina yaondolewe, kwa sababu wenyewe walikuwa wahamiaji walioshaapa uraia. Vikundi vya haki za kiraia vilikwenda mahakamani pamoja na raia waliokutwa kwenye orodha. Februari Jaji Fred Biery wa San Antonio akazuia kaunti zisifute jina bila idhini ya mahakama, na Aprili jimbo likakubali kuachana na orodha hiyo na kulipa dola 450,000 za mawakili na gharama za kesi.

Kwa hiyo ukishaapa, usisubiri. Nenda ofisi ya Social Security na ofisi ya leseni ukiwa na cheti cha uraia, wabadilishe taarifa zako. Omba paspoti ya Marekani mapema, ili cheti chenyewe kikae nyumbani. Jina liandikwe namna moja kila mahali. Mohamed wa leseni na Mohammed wa cheti wanaweza kuhesabiwa watu wawili. Kila baada ya miezi michache angalia jina lako kwenye tovuti ya uchaguzi ya jimbo. Sheria ya shirikisho ya 1993 inakataza majimbo kufuta majina kwa mkupuo ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi wa shirikisho, lakini usitegemee kwamba kila ofisi itaiheshimu. Ukifika kituoni ukaambiwa jina lako halimo, usirudi nyumbani. Omba kura ya muda, ile inayowekwa kando mpaka wahakikishe kama una haki ya kupiga; ni haki yako kwa sheria ya shirikisho ya 2002, na usiondoke bila karatasi inayokueleza namna ya kufuatilia kama imehesabiwa. Andika saa, kituo na maneno uliyoambiwa. Wakili atakayekuja kuuliza ataanzia hapo.

Kama bado una grinikadi, nakusihi sana, usijiandikishe kupiga kura. Sisi tumelelewa kumwitikia mtu wa ofisini "ndiyo" kwa adabu hata kama hatujamwelewa, na kwenye dirisha la leseni "ndiyo" moja inaweza kukuandikisha kuwa mpiga kura. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini, na fomu ya kuomba uraia inauliza wazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Kama imeshatokea, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote. Ipo miji michache inayoruhusu wasio raia kupiga kura za mtaa, kama Takoma Park huko Maryland, ila jiji la New York lilipojaribu, mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliibatilisha sheria hiyo Machi 2025.

Sasa lugha. Sheria ya Haki za Kupiga Kura iliongezewa mwaka 1975 kifungu cha karatasi za kura katika lugha nyingine, lakini kinataja Kihispania, lugha za Kiasia na za wenyeji wa asili. Kiswahili hakimo, Kisomali hakimo. Inaniuma, maana nimeona wazee wetu wakikodolea macho karatasi ndefu kama shuka. Mlango wetu ni kifungu cha 208 cha sheria hiyohiyo: asiyeweza kusoma au kuandika asaidiwe na mtu anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake, chama chake cha wafanyakazi au wajumbe wao. Yaani msimamizi wa kazi aliyewaleta kwa gari hawezi kuingia na wewe, ila mwanao anaweza. Mwaka 2014 huko Texas mama mzaliwa wa India alikataliwa kusaidiwa na mwanawe kwa sababu tu kijana alikuwa ameandikishwa kaunti ya jirani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ikasema sharti hilo la Texas linapingana na sheria ya shirikisho. Kwa walio Minnesota, Iowa, Missouri, Nebraska, Arkansas na Dakota zote mbili: mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya eneo lenu iliamua kwamba watu binafsi hawawezi kushtaki kwa kifungu hicho. Haki ipo palepale, ila wa kuidai mahakamani ni serikali, kwa hiyo malalamiko yapelekeni Wizara ya Sheria kwa maandishi.

Na sensa? Hiyo ni ya kila anayeishi hapa, mwenye karatasi na asiye nazo. Sensa ya 2020 ilipotaka kuuliza uraia, majimbo, miji na vikundi vya wahamiaji viliishtaki serikali, na tarehe 27 Juni 2019 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikakataa sababu iliyotolewa kwamba haikuwa ya kweli. Swali likaondolewa. Lakini mahakama haikusema swali lenyewe ni haramu, kwa hiyo linaweza kurudi 2030. Hata likirudi, sheria inakataza majibu yako kupewa mwenye nyumba, polisi au maafisa wa uhamiaji. Hofu ina historia: wakati wa Vita ya Pili taarifa za sensa zilitumika dhidi ya Wajapani wa Marekani. Adhabu ya kuvujisha leo ni hadi miaka 5 jela na faini hadi dola 250,000.

Mwaka 2020 watu weusi walikosekana kwenye hesabu kwa takriban asilimia 3.3, huku weupe wakizidishwa. Watoto wadogo nao walirukwa kwa wingi. Basi tarehe 1 Aprili 2030 mwandike mpwa anayelala kwenye kochi, hata kama hayumo kwenye mkataba wa nyumba. Mwandike mtoto wa wiki mbili. Panapoulizwa asili yako chini ya kisanduku cha "mtu mweusi", andika Mkenya, Mtanzania, Mkongo, Mrundi.