"apt update" Inapogoma: Kutenganisha Hitilafu ya Mtandao na Hitilafu ya Vifurushi

Seva ya Linux ya aina ya Debian au Ubuntu inapokataa kupakua vifurushi vya programu kwa amri ya apt, wasimamizi wengi hukimbilia kufuta mafaili, kubadilisha orodha ya maghala (seva za mtandaoni zinazohifadhi vifurushi) na kunakili amri yoyote waliyoikuta mtandaoni, na baada ya nusu saa hujikuta na hitilafu tatu mahali palipokuwa na moja. Amri ya apt haifanyi kazi peke yake: inategemea kadi ya mtandao, njia ya kutokea nje, huduma ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), saa ya mashine na nafasi kwenye diski, na kimoja kati ya hivyo kikiharibika, lawama huiangukia apt. Kabla ya kugusa faili lolote, basi, jua kwanza ni upande upi ulioumia. Soma pia ujumbe wa kosa kuanzia mstari wake wa kwanza, kwa sababu mistari ya mwisho mara nyingi hueleza matokeo tu.

Anza na `ip -br addr`. Kadi ya mtandao inapaswa kuonyesha neno UP pamoja na anwani ya IP. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kwa kawaida maana yake ni kwamba mashine iliomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, na haikujibiwa, kwa hiyo kagua waya, swichi au rauta. Kisha andika `ip route` na utafute mstari unaoanza na `default via`, ambao unataja lango la kutokea nje. Usipokuwapo, seva itazungumza na majirani zake tu. Lijaribu lango hilo kwa `ping`, halafu ujaribu anwani ya nje kama 1.1.1.1. Kumbuka kwamba baadhi ya mitandao huzuia ping kwa makusudi, hivyo ukimya wake si ushahidi kamili, na ni vyema kuthibitisha kwa `curl -I http://deb.debian.org`.

Ikiwa anwani za namba zinafikika lakini apt inasema "Temporary failure resolving", tatizo liko kwenye DNS. Ninapendelea kupima kwa `getent hosts deb.debian.org` kuliko kwa `dig`, kwa kuwa `getent` hupita njia ileile ambayo programu nyingine hupita, ikiwemo faili la /etc/hosts, ilhali `dig` huiuliza seva ya DNS moja kwa moja na inaweza kukupa jibu zuri huku apt ikiendelea kukwama. Kwenye Ubuntu utakuta /etc/resolv.conf inataja 127.0.0.53. Usilihariri faili hilo kwa mkono, kwani husimamiwa na systemd-resolved na mabadiliko yako yatapotea. Tazama seva halisi za DNS kwa `resolvectl status`, kisha urekebishe mafaili yaliyomo ndani ya /etc/netplan. Ukimaliza, tumia `netplan try` badala ya `netplan apply`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani hurudishwa. Kwa anayeihudumia seva ya mbali kwa SSH, sekunde hizo zinaweza kumwepusha na safari ya usiku hadi kwenye chumba cha mashine.

Zipo hitilafu mbili za mtandao zinazodanganya. Ya kwanza ni seva yenye anwani ya IPv6 isiyo na njia ya kutokea, ambapo apt husubiri muda mrefu bila maelezo; ipime kwa `apt -o Acquire::ForceIPv4=true update`, na ikipita, umeshampata mhusika. Ya pili ni ukubwa wa pakiti: kurasa ndogo hufunguka lakini upakuaji mkubwa huganda. Jaribu `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`, ambayo ikijumlishwa na baiti 28 za vichwa hufikia 1500. Ikishindwa lakini ya 1464 ikapita, kiungo chako kinabeba 1492, kiwango cha kawaida cha PPPoE (njia ya kuunganisha inayotumiwa na baadhi ya watoa huduma wa intaneti), na MTU ya kadi, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ipunguzwe ilingane nacho.

Saa nayo husahaulika kuliko yote. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako umeme ulikuwa umekatika usiku, na asubuhi kila ghala lilikuwa likikataliwa kwa ujumbe kwamba faili la Release (orodha rasmi ya ghala, yenye tarehe) "is not valid yet", yaani bado halijaanza kuwa halali. Tulishuku ukuta wa moto na tukamshuku mtoa huduma, kumbe betri ndogo ya ubao mama ilikuwa imekufa na seva ikawaka ikiamini kwamba iko miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya HTTPS navyo hukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Andika `timedatectl` na uitazame tarehe kwa macho yako. Ikiwa saa hailingani na huduma ya NTP (ya kusawazisha saa kupitia mtandao) imewashwa, hakikisha bandari ya UDP 123 haijafungwa kuelekea nje.

Mtandao ukiwa mzima, geukia vifurushi. Kosa la 404 kwenye seva ya zamani mara nyingi humaanisha kwamba toleo lako limeondolewa kwenye maghala ya kawaida: Debian 9, kwa mfano, sasa hupatikana archive.debian.org, na matoleo ya Ubuntu yaliyokwisha muda huhamia old-releases.ubuntu.com. Kubadilisha anwani kutakuwezesha kupakua, lakini hakutakuletea marekebisho mapya ya usalama, kwa hiyo ichukulie hatua hiyo kama daraja la kuelekea toleo jipya. Ujumbe wa NO_PUBKEY, yaani ufunguo wa kuthibitisha ghala haupo, huhitaji ufunguo sahihi kutoka kwa mwenye ghala; kuandika `trusted=yes` ili kuunyamazisha ni sawa na kung'oa kitasa kwa sababu ufunguo umepotea.

Ukiambiwa kwamba /var/lib/dpkg/lock-frontend imefungwa, usilifute faili hilo, hata ukishauriwa hivyo na watu kumi. Matoleo ya karibuni ya apt hutaja namba ya mchakato unaolishikilia. Uchunguze kwa `ps -fp` na namba hiyo, na mara nyingi utakuta ni unattended-upgrades, huduma ya kusasisha kiotomatiki, inayofanya kazi yake halali. Isubiri. Kufuli likifutwa, programu mbili zinaweza kuandika kumbukumbu za dpkg, programu ambayo apt huitumia kusakinisha vifurushi, kwa wakati mmoja.

Usakinishaji uliokatika katikati hukamilishwa kwa `dpkg --configure -a`, kisha `apt --fix-broken install`, lakini isome orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali. Ikishindikana, angalia `df -h` na pia `df -i`, kwani diski inaweza kuwa na nafasi tele huku ingizo za mafaili (inodes) zimekwisha. Sehemu ya /boot nayo hujazwa na kerneli za zamani, ambazo `apt autoremove --purge` huziondoa. Kifurushi kinachogoma kupanda toleo bila kosa lolote kikague kwa `apt-mark showhold` na `apt-cache policy`. Huenda mtu alikizuia zamani kwa sababu maalumu, na ni vizuri kumuuliza kabla ya kukifungulia.